Napanda Zote Zilizopo

Toquecha, 9 Februari 1979

Kompadre Daktari Anselmo,

Salamu nyingi kutoka kwangu, kutoka kwa mume wangu Abdénago, na kutoka kwa binti yako wa ubatizo, Leonilde, ambaye ametimiza miaka kumi na anasoma vizuri kuliko mwalimu wake. Hayo ni maneno ya mwalimu mwenyewe. Fomu yako ya mwaka ilifika imelowa, maana gari la barua lilikwama mtoni siku mbili. Nimeikausha jikoni, kwa hiyo ukisikia harufu ya moshi usidhani nyumba imeungua.

Naijibu kwa mpangilio wake.

La kwanza, kama niko hai. Niko hai, ndiyo maana naandika.

La pili, naweza kupanda ngazi za ghorofa ngapi bila kupumzika. Napanda zote zilizopo hapa.

La tatu, nalalia mito mingapi. Mmoja.

La nne, kazi za nyumbani. Zinafanyika zote, kila siku, hakuna inayolala.

La tano, malalamiko. Kompadre, miaka kumi na mitatu iliyopita ulinipasua ubavu, ukaingiza kidole chako moyoni mwangu, ukaupanua ule mlango uliosinyaa hadi damu ikapata njia. Nililetwa kwako kwa machela, nikarudi kwetu kwa miguu. Kisha nikazaa mtoto ambaye madaktari wengine walisema sitamzaa, nawe ukatoka Bogotá kuja kumshika kwenye maji ya ubatizo, ndipo tukawa kompadre na komadre. Mtu wa namna hiyo analalamikiwa nini?

Nakutumia debe la viazi vya manjano na jibini. Jibini iliwe wiki hii.

Komadre wako,
Evidalia Suárez

*

Bogotá, 2 Aprili 1979

Komadre Evidalia,

Jibini haikumaliza siku mbili. Mke wangu anasema uhamie kwetu, mimi nirudi hospitali nikalale huko.

Nina habari ya furaha. Kwa kidole hiki nimewapanulia mlango wa moyo watu arobaini na watatu. Wenzangu vijana wanasema kidole kimepitwa na wakati. Wao wanausimamisha moyo kwa mashine, wanaufungua, wanaung'oa mlango na kuweka wa chuma. Mimi sibishani nao kwa maneno, nawajibu kwa fomu zenu. Septemba nitasimama mbele ya madaktari wa nchi saba na kuwasomea jedwali langu la miaka kumi na zaidi. Wewe ni namba 17, nami nitaanza na wewe: mwanamke wa milimani, mama wa mtoto mmoja, anapanda ngazi zote.

Sasa usinifie kabla ya Septemba. Natania, komadre.

Kompadre wako,
Anselmo Villamarín

*

Bogotá, 20 Machi 1981

Mama Evidalia,

Hunijui. Naitwa Graciela Donado, ni karani wa wodi ya moyo, na ndimi ninayezifungua fomu zenu na kuzipanga. Nimezaliwa Barranquilla, pwani, ambako tunauliza jambo bila kulizunguka, kwa hiyo nisamehe mapema.

Mwezi uliopita nilikwenda harusi huko kwenu milimani, na basi likasimama Toquecha tununue mkate. Nikasema ngoja nikione kijiji cha namba 17. Mama, niligeuka pande zote. Nyumba zote zimekaa chini kama kuku wanaoatamia. Hakuna ghorofa hata moja. Ngazi nilizoziona ni za kanisa tu.

Nikamuuliza mwenye mkate, Bi Evidalia husali wapi? Akanijibu bila wasiwasi, "Yule? Yule husali hapo chini, kwenye benchi la uwanjani. Huu mwaka wa tatu."

Nimerudi nikazitoa fomu zako zote. Miaka kumi mfululizo, napanda zote zilizopo. Daktari anaandika "vizuri sana" pembeni kwa wino wa kijani. Basi nakuuliza mimi, si yeye: zipo ngapi? Na ule mto mmoja, umeuweka juu ya nini?

Graciela Donado

*

Toquecha, 4 Aprili 1981

Binti yangu Graciela,

Barua yako niliisoma nyuma ya zizi ili nisionekane usoni. Wewe ndiwe mtu wa kwanza kuniuliza swali lenye jibu.

Ghorofa hakuna. Za kanisa ni vidato ishirini na viwili, na mimi huishia cha sita. Mto ni mmoja, sikudanganya. Uko juu ya tandiko la farasi, na tandiko liko juu ya gunia la viazi, kwa sababu nikilala chini nazama. Kazi zinafanyika zote, ila mikono ni ya Abdénago na ya mtoto. Nilimuuliza padri kama kusema nusu ya ukweli ni dhambi. Akasema inategemea ni nusu ipi. Sikumuuliza tena.

Utasema, kwa nini? Ninyi wa pwani huenda mnauchukulia ukompadre kama mzaha wa karamuni. Kwetu, mtu akishamshika mwanao kwenye maji ya ubatizo, ndiye kompadre wako hadi kaburini. Humpigii kelele, humnyimi analoomba, humwambii kwamba nyumba aliyokujengea inavuja. Huyu wangu alinijengea moyo.

Na kuna jambo jingine ambalo hata Abdénago simwambii. Mwaka sabini, baada ya ubatizo, nilikwenda Bogotá kupimwa. Kompadre akafunga mlango, akatoa kile kipimo chake cha masikioni. Tukasimama tukitazamana. Kompadre hamvui komadre blauzi, binti yangu. Kwetu hawa wawili hata ngoma hawachezi pamoja. Aliniona nikiwa uchi wa moyo nilipokuwa mgonjwa wake, lakini siku ile nilikuwa ndugu yake. Akakirudisha kipimo mfukoni, akaniuliza habari za viazi. Tangu hapo ananisikiliza kwa barua.

Kwa daktari mwingine siwezi kwenda, itakuwa kama kumtukana mlangoni kwake. Basi mwaka wa kwanza nilipokosa pumzi nikaandika "zote", nikidhani ni uchovu wa kunyonyesha. Wa pili nikaandika hivyo hivyo ili usipingane na wa kwanza. Sasa nimo ndani na sioni pa kutokea.

Usimwambie. Nimekuamini.

Evidalia

*

Bogotá, 11 Mei 1981

Mama Evidalia,

Sikumwambia, na sasa tumefungwa wawili. Kila asubuhi anapita mezani kwangu na kahawa yake na kuniuliza, "Namba 17 wangu hajambo?" Namjibu hajambo.

Lakini nitakuambia ninayoyasikia, kwa sababu meza yangu iko karibu na mlango na madaktari hawanong'oni. Mlango uliopanuliwa kwa kidole haubaki wazi milele. Wengine hukaa miaka kumi, wengine ishirini, kisha kovu linausokota na unasinyaa upya. Huko si kushindwa kwa daktari, ndivyo ugonjwa ulivyo. Wanaweza kukupasua mara ya pili na kukuwekea wa chuma, mradi moyo uwe bado na nguvu. Ukishachoka kabisa, hakuna atakayethubutu. Miguu ikianza kuvimba, mama, siku zinahesabika.

Imeanza?

Graciela

*

Bogotá, 3 Oktoba 1982

Komadre Evidalia,

Padri wenu ameniandikia kwamba askofu atafika Toquecha Jumapili ya tarehe 5 Desemba kuwapa watoto kipaimara, na Leonilde ni mmoja wao. Sitakosa. Nitafika asubuhi ile ile, nitakupa mkono kama siku ya ubatizo, na tutazipanda ngazi za kanisa pamoja mbele ya askofu, ili wote wamwone namba 17.

Mwambie Leonilde nimemnunulia viatu. Kama si saizi yake, kosa ni la Graciela.

Kompadre wako,
Anselmo

*

Toquecha, 20 Novemba 1982

Binti yangu Graciela,

Barua yako ya mwaka jana sikuijibu. Jibu ni ndiyo, imeanza. Jioni viatu havinitoki.

Sasa nisikilize. Kompadre anakuja. Abdénago alisema atanibeba mgongoni hadi juu. Nikamwambia siku hiyo anayebebwa kwa heshima ni askofu, mimi watanibeba nikifa. Mpango wangu ni huu: nitatoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Vidato sita, nikae. Vinne, nikae. Kisha kimoja kimoja. Nimejaribu Jumanne mbili; ya kwanza nilishindwa, ya pili nilifika wakati kengele ya saa moja inalia. Watu wakija watanikuta nimeshaketi benchi la mbele, nimevaa shali mpya, uso umerudia rangi yake. Mtu aliyeketi ni mzima, nani atajua?

Unaweza kunicheka. Abdénago hakucheka. Alikwenda kuchota maji akakaa huko muda mrefu.

Evidalia

*

Bogotá, 13 Desemba 1982

Komadre Evidalia,

Sikufika Jumapili asubuhi kama nilivyoandika. Nilifika Jumamosi, nikalala kwa padri, nikitaka kukushtukiza.

Alfajiri nilitoka uwanjani kunyoosha miguu. Nikaona mwanamke amekaa kwenye kidato cha sita, kichwa magotini. Mkono wangu ukatoa saa wenyewe, ni mazoea, nikahesabu pumzi zake. Thelathini na nane kwa dakika. Nikajiuliza, huyu ni mgonjwa wa nani, na daktari wake anafanya nini? Akainuka, akapanda vidato vinne, akakaa. Alipogeuza uso kwenye mwanga nikapata jibu la maswali yote mawili.

Ungetegemea nikimbie nije nikushike. Sikukimbia. Nilirudi nyuma ya ukuta wa nyumba ya padri na kusubiri kwa muda wa karibu saa mbili, mpaka watu walipojaa. Kisha nikaingia na kukuambia, "Komadre, umetuwahi." Ukaniambia, "Niliamka mapema." Na tukacheka.

Nilijiambia ninakulindia heshima. Si kweli. Nilikuwa nalinda jedwali langu. Na nikiwa mkweli hadi mwisho, si tangu siku ile tu. Tangu mwaka sabini nilipokirudisha kipimo mfukoni, nimekuwa nikikuuliza kwa posta jambo ambalo masikio yangu yangelijua kwa dakika moja. Fomu yako ilinifurahisha, sikutaka kuiuliza zaidi. Nimemhoji Graciela naye amelia. Usimlaumu, alikutunzia siri yako kuliko nilivyoutunza moyo wako.

Sasa nasema hivi. Kwenu, kompadre akiomba hanyimwi. Miaka kumi na mitatu sijakuomba kitu zaidi ya viazi. Leo naomba. Tarehe 11 Januari uje Bogotá, usikilizwe na Daktari Yolima Cuéllar. Ni mwanamke, ni kijana, ni mkali kuliko mimi, na ndiye aliyesimama kwenye mkutano kunipinga. Hutanitukana ukienda kwake, maana nimekutuma mimi. Chumba chake kiko ghorofa ya pili. Kuna lifti. Usipande.

Anselmo

*

Toquecha, 28 Desemba 1982

Kompadre,

Umenifunga kwa kamba yangu mwenyewe. Nitakuja.

Nakujazia fomu upya, uifute ile ya Februari. Ghorofa, hakuna. Vidato, sita. Mito, mmoja, na tandiko, na gunia. Kazi zangu zinafanywa na Leonilde, ambaye ameacha shule tangu Juni na hakuna aliyekuandikia. Mwalimu wake alikuja mara tatu kumwomba arudi. Nilikuwa nikijificha chumbani, mtoto anamwambia mama ametoka.

Malalamiko, ninayo. Naogopa kupasuliwa mara ya pili, maana mara ya kwanza nilikuwa na miaka ishirini na mbili na sikujua kitu. Na nimekukasirikia. Mimi nilikuficha kwa adabu, ndivyo nilivyolelewa. Wewe uliniona pale kwenye ngazi, ukarudi ukutani. Nimelia kwa hilo kuliko kwa ugonjwa.

Hii ni mara ya kwanza kukuandikia neno baya. Viazi vya msimu huu ni vidogo, lakini nitakuletea.

Evidalia

*

Bogotá, 6 Septemba 1983

Komadre Evidalia,

Daktari Cuéllar ananiambia kidonda cha kifua kimefunga na mlango wa chuma unafanya kazi yake. Anasema pia kwamba ungechelewa hadi mvua za Aprili asingekugusa. Sikumwomba aniambie hilo. Aliona nastahili kulisikia.

Uliandika umenikasirikia. Ulikuwa na haki, na barua ile naiweka kwenye droo ya kalamu, ili niione kila nikitaka kuandika "vizuri sana".

Nimefanya jambo moja. Niliwaandikia wagonjwa wangu wote wa kidole swali moja tu: mahali unapoishi, pana ngazi? Kati ya arobaini na watatu, kumi nilishajua wamekufa. Barua nne zilijibiwa na watoto, wakisema mama alikwisha kufa, au baba, na walidhani nimeambiwa. Kati ya waliobaki, kumi na tisa wanaishi pasipo na hata kidato kimoja. Mzee mmoja wa nyanda za mashariki ameniuliza kwa nini mtu ajenge kwenda juu wakati ardhi ipo tele.

Wengi waliishi miaka mizuri, komadre, hilo sitalikana. Wewe ulipata mtoto. Lakini si miaka niliyoitangaza. Mwezi uliopita nilisimama mbele ya madaktari wale wale nikawasomea jedwali jipya. Nilianza tena na namba 17. Walionipigia makofi ni wachache, na wawili walitoka nje. Daktari Cuéllar hakupiga makofi wala hakutoka. Alikuwa anaandika.

Sipasui tena. Ninakwenda kwa miguu ya punda na kwa mabasi kuwasikiliza waliobaki, mmoja mmoja, nikiwa na muuguzi wa kike. Graciela anatunga fomu mpya. Swali la pili linasema: ukienda kuchota maji, unakaa chini mara ngapi?

Anselmo

*

Toquecha, 12 Februari 1984

Kompadre,

Fomu mpya imefika ikiwa kavu. Mwambie Graciela swali la pili ni zuri, ila sasa tuna bomba uani. Nitajibu kwa ngazi za kanisa, nimezizoea. Vidato ishirini na viwili. Nilikaa mara mbili, kwenye cha tisa na cha kumi na sita. Hiyo ni kweli tupu, Abdénago alikuwa nyuma yangu akihesabu kwa sauti kama mnada wa ng'ombe.

Mito, mmoja. Tandiko limerudi kwa farasi, naye hakufurahi.

Kazi, nusu nafanya mimi. Leonilde amerudi shule, yuko mjini Tunja kwa masista. Aliwekwa darasa moja na watoto wadogo kwake, na hilo ni deni langu.

Malalamiko. Kila mwezi lazima nishuke Tunja nikatolewe damu, waone kama dawa ya kuifanya nyepesi imezidi au imepungua. Nikikosa, damu inaweza kuganda kwenye chuma. Ikizidi, natokwa damu puani hadi shali inalowa. Mboga za majani napimiwa kama mtoto, maana zinaipunguza nguvu dawa hiyo. Mbali zaidi ya Tunja siwezi kwenda, na Daktari Cuéllar amesema ni hivyo hadi nife. Nilimuuliza, basi nimetoka kifungo kimoja nikaingia kingine? Akasema ndiyo, lakini hiki kina hewa. Nampenda yule mwanamke, hanidanganyi hata kidogo.

Na kuna hili la mwisho. Hakuna aliyeniambia kwamba mlango wa chuma unagonga. Mezani, Abdénago anausikia. Nikishtuka unakwenda mbio, nikikasirika unakwenda mbio, na mume wangu anajua kabla sijafungua mdomo. Mimi niliyekuficha moyo wangu miaka yote ile, sasa hata paka anausikiliza.

Jumapili iliyopita padri aliponyanyua hostia, kanisa zima likanyamaza, ukabaki mlio huo peke yake. Bi Anunciación wa benchi la mbele akamnong'oneza mumewe azime saa. Mumewe akasema hana saa. Akamgeukia mwingine, naye hana. Wakaanza kupekuana mifuko, na kadiri walivyotafuta ndivyo nilivyoona aibu, na kadiri nilivyoona aibu ndivyo ulivyogonga kwa nguvu zaidi.

Ningeweza kunyamaza, kompadre. Najua kunyamaza.

Nikasema, "Ni mimi."

Komadre wako,
Evidalia Suárez